Idara Ikibadili Sera ya Vifaa vya Polisi: Mwongozo Kamili kwa Mwakilishi wa Chama

Waraka hubandikwa ubaoni muda mfupi kabla ya zamu ya jioni. Karatasi moja, mistari sita. Kuanzia tarehe mosi kila askari wa doria atavaa kamera kifuani. Au fulana ya kuzuia risasi itavaliwa zamu nzima, hata kwenye joto la Julai. Au bastola mliyoizoea miaka kumi irudishwe ghalani, na kila mtu apangiwe siku ya kulenga shabaha kwa mpya. Watu wanasoma, wanaguna, kisha macho yote yanakugeukia wewe uliyechaguliwa mwezi uliopita kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili yako, hasa wewe Mswahili mwenzangu unayefanya kazi ya polisi au ya magereza Marekani. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo askari hana chama. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiwagusi polisi. Kenya, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 nayo imewaweka kando. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1948, umeiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu polisi na majeshi. Basi tunaingia chamani tukiwa na mazoea ya "ndiyo afande", na idara ikibadili jambo tunadhani tuna mawili tu: kunyamaza au kugoma. Yote mawili yatakuumiza.

Mfano wangu ni jimbo la Massachusetts. Sheria ya taifa ya mahusiano ya kazi ya 1935 haiwahusu watumishi wa majimbo na miji, kwa hiyo kila jimbo lina utaratibu wake. Ukiwa North Carolina, kwa mfano, sheria ya jimbo inakataza kabisa mikataba ya pamoja kati ya mwajiri na chama (mikataba ya hali bora) kwa watumishi wa umma, na sehemu kubwa ya haya hayatakufaa. Massachusetts inatumia Sura ya 150E ya sheria zake, iliyotungwa 1973. Jua kwanza uko chini ya sheria ipi.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya hatua yoyote. Kifaa chenyewe, mara nyingi, si chako kukikataa. Kile ambacho kifaa hicho kinamfanyia askari, yaani muda wake, mfuko wake, mwili wake na faili lake la nidhamu, hicho una haki ya kukijadili. Lakini ni lazima uiombe haki hiyo, kwa maandishi, na mapema.

Hatua ya 1: Zuia mgomo usiku huohuo

Kabla hujafungua mkataba, ongea na wenzako. Waambie wavae walichoambiwa wavae, na malalamiko yatafuata njia yake. Waamuzi wa migogoro ya kazi wana kanuni ya zamani: tii kwanza, lalamika baadaye. Anayekataa amri anaadhibiwa kwa kukataa amri, na ubishi kuhusu kifaa hausikilizwi tena. Yako mawili tu yasiyoingia humo: amri iliyo kinyume cha sheria, na amri inayoweka maisha hatarini kweli na papo hapo. Fulana yenye joto haimo. Fulana iliyotobolewa na risasi, ukiambiwa uivae hivyohivyo, imo.

Sura ya 150E inakataza mgomo wa watumishi wa umma, na kupunguza kasi ya kazi kwa makusudi nako kunahesabiwa mgomo. Lakini kwa polisi wa Boston katazo hili lina kumbukumbu kali kuliko maneno ya sheria. Tarehe 9 Septemba 1919, askari 1,117 kati ya 1,544 waliacha kazi. Mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 1,100 kwa mwaka, na askari mpya alitakiwa kujinunulia sare na vifaa kwa zaidi ya dola 200. Hebu piga hesabu: zaidi ya mshahara wa miezi miwili, na hujaanza hata doria. Madai yao yalikuwa ya haki. Kamishna Edwin Curtis aliwafukuza, Gavana Calvin Coolidge akamuunga mkono, na hakuna aliyerudishwa kazini. Walioajiriwa badala yao walipewa mshahara mkubwa zaidi, na sare za bure. Kila nikisoma habari ile nawafikiria wale 1,117 wakiwatazama wageni wakivaa bure kile ambacho wao walikipotezea kazi.

Hatua ya 2: Andika tarehe, kisha hesabu siku

Piga picha waraka ukiwa bado ubaoni. Andika siku na saa ulipouona, nani aliubandika, na sera inaanza lini. Kuna saa tatu zinazokimbia kwa pamoja.

Ya kwanza imo ndani ya mkataba wenu wa hali bora: muda wa kuwasilisha malalamiko rasmi. Mikataba mingi inatoa siku chache tu, na mingine inahesabu siku za kalenda badala ya siku za kazi. Ya pili ni ya Idara ya Mahusiano ya Kazi ya jimbo, ambako shauri la kubadili masharti bila majadiliano linafunguliwa ndani ya miezi sita. Ya tatu haina idadi ya siku, nayo ndiyo inayowanasa wengi. Chama kikishajua kuhusu badiliko, kikawa na nafasi ya kudai majadiliano na kisidai, kinahesabiwa kuwa kimeachia haki yake.

Saa ile ya kwanza iliwahi kunipita. Mkataba wetu ulitoa siku kumi, mimi nikapeleka karatasi siku ya kumi na moja, kwa kuwa nilihesabu tangu sera ilipoanza badala ya siku waraka ulipobandikwa. Malalamiko yalikuwa ya maana na hayakusikilizwa. Askari aliyenituma hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Tangu hapo nahesabu kuanzia siku ya mapema kabisa ambayo mpinzani anaweza kuitaja.

Hatua ya 3: Soma mkataba kama anavyousoma wakili wao

Usiishie kwenye ukurasa wa posho ya sare. Tafuta kifungu cha haki za menejimenti, uone kama kinataja vifaa kwa jina au kinasema kwa ujumla tu. Kikisema "menejimenti itaamua aina ya silaha na vifaa", nafasi yako ni finyu. Kikisema "itaendesha idara", bado una pa kusimama, kwa sababu kuachia haki ya majadiliano kunatakiwa kuwe wazi, bila utata. Tafuta kifungu cha usalama na afya. Tafuta kile kinachosema mkataba huu ndio makubaliano yote na hakuna majadiliano mengine hadi uishe, maana wakili wa mji atakitaja dakika ya kwanza.

Kisha kuna ambayo hayakuandikwa. Kama kwa miaka mingi idara imekuwa ikibadilisha buti zilizoharibika kazini bila kumtoza askari, na pande zote zikalijua na kulikubali hilo, hiyo ni desturi ya kazini na inaweza kuwa na nguvu kama kifungu. Waulize wazee wa kituo. Tafuta stakabadhi na barua pepe za zamani.

Hatua ya 4: Tenganisha uamuzi na athari zake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Mwaka 1962, katika kesi ya Katz, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mwajiri anayebadili masharti ya kazi peke yake, wakati jambo hilo linapaswa kujadiliwa, anakiuka wajibu wake wa kujadiliana. Ile ilikuwa kesi ya sekta binafsi, lakini majimbo mengi yamefuata mantiki yake. Kwa polisi inaongezwa tofauti moja: uamuzi wa kiutendaji, kwa mfano kwamba doria itakuwa na kamera, unaweza kuwa wa mkuu wa polisi peke yake. Athari za uamuzi huo kwa askari zinabaki kuwa jambo la majadiliano.

Chukua kamera. Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika "kamera zitakuwapo", kisha uache hapo. Kulia andika kila kitakachompata askari tangu anapoamka. Nani anachaji kamera, na wapi? Kama ni nyumbani, je, dakika hizo zinalipwa? Kupakia video mwisho wa zamu kunachukua muda gani? Akisahau kuwasha mara ya kwanza ni onyo au ni adhabu? Ataruhusiwa kuitazama video yake kabla ya kuandika ripoti? Msimamizi anaweza kuchungulia video za zamu nzima akitafuta kosa, au mpaka kuwe na lalamiko? Kamera nyingi huhifadhi picha za sekunde kadhaa kabla ya kitufe kubonyezwa, mara nyingi 30, bila sauti. Je, askari wameambiwa? Chooni inakuwaje? Na akipigiwa simu na mkewe kuhusu mtoto mgonjwa, anazima?

Usichanganye hayo na haki za askari anapohojiwa, ingawa video itazigusa. Kesi ya Weingarten ya 1975 inampa mfanyakazi haki ya kuwa na mwakilishi katika mahojiano anayohofia yatamletea adhabu, na majimbo kama Massachusetts yanaifuata. Garrity, ya 1967, inazuia maelezo aliyolazimishwa kuyatoa kwa tishio la kufukuzwa yasitumike dhidi yake katika kesi ya jinai. Sera mpya ya kamera ikimtaka aeleze kilichomo kwenye video, kumbuka zote mbili.

Fulana ina maswali mengine: nani anailipia, inabadilishwa lini, askari wa kike wamepimwa miili yao au wamepewa saizi ndogo ya kiume. Muda wa kuivaa usiuchukulie kuwa utalipwa. Mwaka 2010, katika kesi ya Bamonte dhidi ya mji wa Mesa, Arizona, mahakama ya rufaa iliamua kwamba askari wanaoruhusiwa kuvaa nyumbani hawadai malipo ya dakika hizo chini ya sheria ya shirikisho. Ukiutaka muda huo, uombe mezani. Kwa bastola mpya, swali kubwa ni moja: askari wa miaka 20 kazini akishindwa kufuzu mara ya kwanza, anapewa mafunzo na risasi za mazoezi kwa gharama ya nani, na katika siku hizo analipwa vipi?

Hatua ya 5: Barua mbili kwa siku moja

Ya kwanza inadai majadiliano, ya pili inaomba taarifa. Utaziandika kwa Kiingereza, lakini maudhui ya ile ya kwanza ni haya:

"Tarehe fulani chama kimepata habari kwamba idara inakusudia kubadili sera ya vifaa vilivyotajwa. Chama kinadai majadiliano kuhusu uamuzi huo, kwa kadiri sheria inavyouhesabu kuwa wa kujadiliwa, na kuhusu athari zake zote. Tunaiomba idara ibakize hali iliyokuwapo hadi majadiliano yakamilike. Tuko tayari kukutana siku tatu zifuatazo. Chama hakiachii haki yoyote."

Taja siku tatu kweli, za karibu. Barua inayosema "tukutane mtakapopata nafasi" haionyeshi dai. Ipeleke kwa mkuu wa polisi na kwa mwajiri mwenyewe, yaani mji, kwa barua pepe na kwa mkono, upate sahihi ya mpokeaji.

Hatua ya 6: Omba taarifa, na ukipewa kifaa kigeuze

Omba rasimu zote za sera, mkataba na muuzaji, matokeo ya majaribio, idadi ya walioumia kazini, bajeti, na barua yoyote ya ufadhili. Hii ya mwisho hufungua mengi. Mpango wa serikali ya shirikisho wa kusaidia kununua fulana, uliotokana na sheria ya 1998, hulipa hadi nusu ya gharama, na tangu 2011 unaitaka idara iwe na sera ya maandishi inayolazimisha askari waliovaa sare kuzivaa. Ukigundua kwamba waraka umetoka huko, usipoteze jioni tano kupinga ulazima wenyewe. Dai fulana bora, vipimo sahihi, na ubadilishaji kwa wakati.

Kisha chukua fulana moja uishike mkononi. Toa kipande cha ndani kwenye kitambaa chake, utafute lebo. Utaona kiwango cha kinga, tarehe ya kutengenezwa, namba ya kipekee, saizi, na upande unaopaswa kuelekea mwilini. Chini ya viwango vya 2008 vya NIJ, taasisi ya utafiti ya Wizara ya Sheria ya Marekani, fulana laini ziliandikwa IIA, II au IIIA. Viwango vipya vilivyotolewa 2023 vinatumia HG1 na HG2. Kwa kawaida fulana huwa na dhamana ya miaka 5. Nenda na daftari kwenye makabati, upite askari kwa askari, uandike tarehe. Jedwali la fulana 40, zikiwamo tisa zilizopitwa na wakati, litafanya kazi kuliko hotuba.

Usidhani ni makaratasi matupu. Mwaka 2003, huko Forest Hills, Pennsylvania, risasi ilipenya fulana iliyotengenezwa kwa nyuzi za Zylon na kumjeruhi askari. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyuzi zile zinadhoofika kwa joto, unyevu na mwanga, na Agosti 2005 NIJ ilitangaza kwamba fulana za aina hiyo hazifai tena. Zilikuwa miilini mwa maelfu ya askari, na kwa macho zilikuwa nzima.

Massachusetts ina silaha nyingine. Tangu tarehe 1 Februari 2019, waajiri wa umma jimboni wanatakiwa na sheria kuwapa wafanyakazi kinga isiyopungua ile ya viwango vya shirikisho vya usalama kazini. Wanaosimamia ni Idara ya Viwango vya Kazi, nayo ni ofisi tofauti kabisa na ile ya mahusiano ya kazi.

Hatua ya 7: Mezani

Jifunze kwa Boston, safari hii ya 2016. Chama cha askari wa doria kilikubaliana na idara, mwezi Julai, kufanya majaribio ya kamera kwa askari 100 watakaojitolea, kila mmoja akipewa dola 500. Hakuna aliyejitolea. Agosti, Kamishna William Evans akawateua 100 mwenyewe. Chama kikakimbilia mahakamani kuomba zuio, kikisema makubaliano yalikuwa ya hiari na kwamba usalama wa askari uko hatarini. Tarehe 9 Septemba, Jaji Douglas Wilkins alikataa ombi hilo, akaona kamishna anayo mamlaka ya kuamuru. Majaribio yalianza tarehe 12.

Naiona kasoro moja kubwa katika hadithi hiyo, na haimo mahakamani. Imo kwenye makubaliano ya Julai. Neno "kujitolea" linaleta swali ambalo lilipaswa kujibiwa kwa wino: wasipopatikana 100, itakuwaje? Kila unapokubaliana jambo la hiari, la majaribio au la muda, andika kinachofuata hiari ikikosekana, majaribio yakiisha, au muda ukipita. Ukiacha pengo, mwenye mamlaka atalijaza.

Na hoja ya usalama ibebe ushahidi. Kusema "ni hatari" hakumtikisi jaji. Leta rekodi za majeruhi na daktari. Askari wa Eau Claire, Wisconsin, walipolalamikia maumivu ya mgongo yatokanayo na mkanda uliojaa vifaa, idara yao, chuo kikuu cha pale na Mayo Clinic walizijaribu kwa vipimo fulana za nje zinazobeba uzito huo kifuani, na maumivu yakapungua. Chama chochote kikienda mezani na kitu cha namna hiyo, mazungumzo hubadilika.

Panga madai yako kwa unayoweza kuyapata. Nidhamu ya miezi ya mwanzo iwe ni kuelekezwa, si kuadhibiwa. Muda wa kuchaji na kupakia ulipwe. Video isitazamwe ovyo. Kuwe na kamati ya pamoja itakayoipitia sera baada ya miezi sita. Kila kinachokubaliwa kiandikwe na kisainiwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Ikishindikana

Kama mkataba umevunjwa, nenda njia ya malalamiko hadi kwa mwamuzi. Kama idara imebadili masharti bila kujadiliana, fungua shauri Idara ya Mahusiano ya Kazi. Ukiwa na shaka, fungua vyote viwili, tarehe zisikupite. Mahakamani nenda mwisho kabisa, na ukiwa na wakili: zuio linataka uthibitishe madhara yasiyorekebishika, na kamera kifuani ni vigumu kuihesabu hivyo.

Hatua ya 9: Chunga unavyosema hadharani

Ongea kama chama, kwa karatasi ya chama, nje ya zamu na bila sare. Tangu uamuzi wa Garcetti wa 2006, mtumishi wa umma anayesema jambo kama sehemu ya majukumu yake ya kazi halindwi na uhuru wa kujieleza ulio katika katiba.

Nami nina msimamo hapa. Chama kinachopinga kamera zenyewe kinajipaka matope mbele ya watu kinaowalinda, wakiwamo Waafrika wenzetu wa mitaa ileile ambao wana sababu zao za kuitaka kamera. Majaribio ya Boston yalipopimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, waliona malalamiko ya raia na ripoti za kutumia nguvu zimepungua kidogo. Mwambie mwandishi wa habari kwamba askari wako watavaa, na kwamba mnajadili kanuni za matumizi ili ziwe za haki kwa kila aliyemo kwenye picha.

Hatua ya 10: Baada ya sahihi

Soma makubaliano kwa sauti kwenye gwaride la kuingia zamu, zamu zote tatu, hata ile ya usiku wa manane ambayo viongozi huisahau. Mpe kila mtu nakala. Fungua daftari la matatizo: betri iliyokufa saa ya sita, mfuko wa bastola unaonasa, fulana iliyolegea mabegani. Andika tarehe, namba ya kifaa na jina la msimamizi aliyeambiwa. Kisha weka kwenye kalenda ya simu yako siku ambayo fulana ya kwanza katika jedwali lako itafikisha miaka 5, na nyingine miezi sita kabla yake, siku ya kuikumbusha idara kwa maandishi iagize mpya.